Tupeane uzoefu: kutakana radhi kazini, yaliyokukuta wewe

Asalaam alaykum ndugu zangu. Ramadhan ikikaribia kila mtu anatuma ule ujumbe wa "nisamehe nilipokukosea". Mie nauliza ya kazini: nani alikosewa akatakwa radhi, na moyo ukatua? Nianze na yangu.

Nasafisha vyumba hotelini, upande wa Nungwi, hapa Zanzibar. Mgeni alipotelewa na simu. Msimamizi akanizuia mlango wa wafanyakazi, saa ya kubadilishana shifti, akaupekua mkoba wangu mbele ya watu. Kanga yangu, chakula cha mwanangu, vyote juu ya meza. Jioni simu ikaonekana chumba cha kufulia, imezongwa ndani ya shuka. Kesho yake akaniita stoo, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, niwie radhi." Nikajibu yamekwisha.

Hayakwisha. Kikipotea kitu, wenzangu bado macho yao kwangu. Mwezi mzima nina donge. Mwisho nikamfuata: "Kaka, ulinipekua mlangoni, radhi unanipa stoo?" Alinyamaza sana. Siku ya pili, saa ileile ya shifti, alisimama palepale akawaambia wote kuwa alinidhulumu. Nililia. Mpaka leo tuko pamoja kazini, na namheshimu.

Leteni yenu.

Mchangiaji, Wete:
Mie ndiye niliyekosa. Msimu wa karafuu, wachumaji tunawalipa kwa pishi. Kijana kaleta pishi 9, daftarini nikaandika 6. Aliposema, nikamwita muongo mbele ya wenziwe. Usiku najumlisha, karafuu zilizo jamvini zinazidi pishi 3. Sikulala. Asubuhi nikamchukua ami yangu tukenda kwao, nikamtaka radhi mbele ya mamake. Fedha ya pishi 3 niliitoa kabla sijafungua mdomo. Wenziwe nao niliwaeleza, maana tusi walilisikia. Siku ileile alirudi mkarafuuni.

Mchangiaji, Mjini:
Fedha kwanza, umesema kweli kaka. Bosi wangu alinitaka radhi vizuri, na mkono akanipa, lakini mishahara ya miezi 2 hakulipa. Nikimkumbusha: "Si tushasameheana?" Inauma sana, radhi kugeuzwa kufuli la mdomo. Nikenda Kamisheni ya Kazi ya hapa Zanzibar, kwenye kitengo cha kushughulikia migogoro, kile kilichowekwa na Sheria Namba 1 ya 2005 ya mahusiano kazini. Msuluhishi akatutenganishia: radhi ni yenu wawili, mshahara ni deni. Tukaandikiana, akalipa kwa mafungu 2. Wasiojua wajue, pale mnaanza kwa kusuluhishwa, si lazima mfike Mahkama ya Kazi.

Mchangiaji, Paje:
Sie wa mwani hatuna bosi, lakini kugombana tunagombana. Jirani yangu wa shamba aling'oa vigingi vyangu akidai nimeingia kwake. Hatukusemezana miezi. Bamvua moja, maji yametoka sana, nashuka pwani, namkuta ameshavipigilia vyote, ameinama anafunga mbegu kwenye kamba zangu. Nikachukua kamba ya pili, nikafunga naye mpaka maji yakajaa.

Mwanzisha mada:
Bi wa Paje, hakukutamkia neno mpaka leo?

Mchangiaji, Paje:
Mpaka leo. Harusi ya binti yangu, pilau alipika yeye.