Naomba ushauri: mama yangu alipuuzwa kitengo cha dharura

Ndugu zangu, mama yangu ana miaka 78 na ana kisukari cha muda mrefu. Hivi karibuni alishikwa usiku na kichefuchefu, jasho jembamba na kuishiwa pumzi, tukamkimbiza kitengo cha dharura, ambako daktari wa zamu, bila hata kumgusa, aliniambia mimi, si yeye, kwamba huo ni uzee tu, akaandika dawa ya tumbo. Mama alikuwa amekaa palepale, ameshikilia mkoba wake kwa mikono miwili, akisikia kila neno.

Wazee, hasa wenye kisukari, wanaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua, na ndiyo maana dalili kama zake hudai kipimo cha umeme wa moyo mapema na kipimo cha damu; yeye hakufanyiwa hata kimoja. Kesho yake alilazwa kwingine kwa tatizo la moyo. Anaendelea vizuri, ila ameapa kwamba hatakanyaga tena dharura hata akizidiwa, na hilo linanitisha kuliko yote.

Je, nidai kwanza nakala ya faili lake kabla ya kuwaandikia viongozi wa hospitali malalamiko? Na ninyi mliouguza wazazi, mlizungumza nao vipi hadi wakakubali kurudi?