Nimepakiwa rangi ya kijani uwanja mzima nikaambiwa ndo nyasi! Mafundi wa haidrosidi mnatuumiza

Wakuu habarini. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Leo siku ya 42 tangu nimwagiwe mbegu za nyasi kwa pampu, ile kazi wanayoiita haidrosidi, na uwanja wangu ni vipara vitupu isipokuwa mstari mmoja tu, na huo mstari ndo ulionifanya nije kuandika hapa, nitaufikia.

Kwa ambao hawajawahi kuona, jamaa wanakuja na tangi, ndani kuna maji, mbegu, mbolea, matandazo ya nyuzi za mbao au karatasi iliyosagwa, gundi ya kushikilia na rangi ya kijani, mashine inakoroga mpaka inakuwa uji mzito alafu wanaupuliza na mpira kama wanazima moto. Kitu chenyewe sio utapeli, tusielewane vibaya. Kilianzia Marekani kwenye kingo za barabara kuu, miteremko ambayo mtu na reki yake hawezi hata kusimama, na kikifanywa na anayejua kinaotesha vizuri tu. Ila ile rangi wakuu, ile rangi kazi yake ni kumwonyesha anayepuliza wapi ameshapita na wapi bado, basi, haioteshi hata jani moja. Sisi wateja tukiona uwanja wa kijani jioni ileile tunashangilia na kulipa, na wao wanalijua hilo vizuri sana.

Sasa uwanja wangu ulikuwaje. Nyumba ndo imeisha kujengwa, malori ya mchanga na mawe yamepita pale miezi na miezi, mashine ya zege ilikaa palepale, udongo mzuri wa juu ulishakwanguliwa siku ya kuchimba msingi, kilichobaki ni udongo wa chini mgumu uliojaa vipande vya tofali na mabonge ya saruji. Yote haya nilimwonyesha fundi alipokuja kuangalia eneo, sikumficha kitu. Tukakubaliana watatifua sentimita 10 mpaka 15, watatoa kifusi, wataleta udongo wa juu, watasawazisha ili maji yakimbie nyumba, ndo wapulize. Nikamwomba apime na pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, maana palipomwagika saruji panakuwa na chokaa nyingi na nyasi nyingi zinataka kati ya 6 na 7. Jibu lake: "Boss usiwe na wasiwasi, uji wetu una kila kitu ndani."

Siku ya kazi wamekuja saa tisa alasiri. Tangi limeshachanganywa tangu asubuhi!! Walitoka kwa mteja mwingine, kilichobaki ndo wakaniletea mimi. Mbegu zimekaa kwenye maji ya mbolea zinakorogwa mchana kutwa, wakati uji ule ukishachanganywa unatakiwa upulizwe mapema, maana mbegu inaanza kunywa maji, inalainika, alafu pampu inaizungusha na kuigonga humo ndani na chumvi ya mbolea nayo inaikausha. Kwenye gari lao kulikuwa na reki moja na haikushuka. Nauliza mbona hamtifui, naambiwa gundi inashika popote. Inashika ndio, ata kwenye ukuta inashika, lakini mi sikuomba mbegu zishikwe juu ya udongo, niliomba zitie mizizi ndani yake, ni vitu viwili tofauti kabisa. Dakika arobaini hazikuisha washamaliza wanakunja mpira.

Na mbegu zenyewe ni za nini? Nimeuliza mara tatu aina gani, naambiwa "mchanganyiko mzuri". Nikaomba kuona mfuko, upo ofisini. Wakuu kwenye mfuko wa mbegu kuna lebo ina jina la aina, asilimia ya zinazoota, kiasi cha mbegu za magugu na tarehe ya kupimwa, mtu anayekunyima kuiona hiyo lebo ana sababu yake. Sa hivi magugu ya majani mapana yameanza kujitokeza kwenye vipara vyangu na siwezi kujua yametoka kwenye mfuko wao au yalikuwepo.

Mimi upande wangu nimefanya kila kitu. Waliniambia siku ya kwanza nisimwagilie mpaka gundi ikauke, nikafuata. Baada ya hapo mara tatu kwa siku, maji mepesi ya dakika chache, udongo ubaki na unyevu bila kutuamisha madimbwi, naweka alamu kwenye simu, nikitoka namwachia mke wangu zamu. Nikazungusha kamba, watoto hawajakanyaga, mbwa hajapita. Usiku wa nne ikapiga mvua ya kawaida tu, asubuhi naamka nusu ya uji umeteremkia kwenye mfereji, maana ardhi ngumu hainywi, maji yanateleza juu na kubeba kila kitu. Uliobaki ukakauka ukawa gamba kama karatasi ya boksi. Nikalibandua kipande nikakigeuza. Chini yake kulikuwa na mbegu zimeota!! Zimetoa kimzizi cheupe, kimetambaa pembeni kinatafuta pa kuingia hakikupata, kikakauka. Nilikaa pale chini mda mrefu nimekishika mkononi. Hiyo picha haijanitoka mpaka leo.

Sasa huo mstari. Wiki kama tatu kabla ya hawa jamaa kuja, fundi bomba alichimba mtaro wa bomba la maji kutoka getini mpaka jikoni, akaufukia, upana wake ni kama futi moja na nusu. Leo juu ya ule mtaro kuna nyasi nzito, kijani kibichi, zinakaribia sentimita 8, ningekuwa nazo uwanja mzima wiki hii ningekata kwa mara ya kwanza. Uji ni uleule, mbegu zilezile, siku ileile, maji yangu yaleyale. Tofauti ni jembe la fundi bomba tu. Nikachukua bisibisi, kwenye mtaro inazama mpaka kwenye mpini kwa mkono mmoja, nikisogea hatua moja pembeni inaingia pingili ya kidole inagoma.

Nikapiga picha nikamtumia fundi wa haidrosidi. Unajua kanijibu nini? "Boss hujamwagilia vizuri." Kwahiyo mimi namwagilia futi moja na nusu vizuri, pembeni yake napabagua?

NAONGEZEA: naona wengine mnaniambia nivumilie. Kuvumilia nakujua. Kila aina ya nyasi ina siku zake: rai inaota siku 5 mpaka 10, feskyu wiki moja mpaka mbili, bulugrasi ndo mvivu inaweza kufika wiki nne, ukoka wa mbegu kwenye joto nao wiki mbili mpaka nne. Siku 42 nivumilie nini tena. Na aliyeshauri niwaite warudie kupuliza, mkuu nakuheshimu ila hapana, uji wa pili juu ya ardhi ileile utakufa vilevile.

Mwingine kauliza kwanini sikuweka nyasi za mazulia, zile zinazoletwa zimeshaota na udongo wake unazitandaza tu. Mteremko wangu ni mkubwa na nilitaka mizizi iote palepale tangu mwanzo, alafu na mazulia ungeyatandaza juu ya ule udongo yangekauka tu, yanahitaji kutifuliwa vilevile.

Mnaotaka kufanya hii kazi, msilipe chochote siku ya kupuliza kabla hamjachomeka bisibisi wenyewe kona zote za uwanja. Simameni pale waone mnachomeka. Tangi lichanganywe mbele yenu, mfuko wa mbegu muushike mkononi, na neno KUTIFUA liandikwe kwenye makubaliano pamoja na kina chake, mimi langu lilikuwa la mdomo na ndo wananikana nalo.

Nimewatumia ujumbe wa mwisho jana: warudi na trekta dogo la kutifua na udongo wa juu, tangi waliache hukohuko mpaka niridhike na ardhi, la sivyo warudishe hela yangu. Umesomwa, haujajibiwa. Picha naweka hapo chini, angalieni huo mstari kutoka getini mpaka jikoni alafu angalieni pembeni yake.