Vioo vya jua kwenye mtambo wa makaa ya mawe: vinasaidia nini?

Kijana wa Mbinga
Wakuu, salaam. Nimesoma kwamba Australia waliweka vioo vya jua, vile vinavyokusanya mwanga wa jua kuchemsha maji, kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Liddell. Sielewi. Tanuruni joto linapita nyuzi 1,000. Mvuke wa vioo ni nyuzi 270 hivi, humo utaongeza nini?

Fundi Boila
Mkuu, joto la jua haliingii tanuruni. Mimi niko kwenye boila za kiwanda cha sukari, kwa hiyo naanzia kwenye maji. Yakitoka kondensa, yaani chombo kinachopoza mvuke ukarudi kuwa maji, ni vuguvugu tu, na ukiyarudisha boilani hivyo hivyo umejiumiza. Mitambo mikubwa huyapasha kwanza kwa mvuke unaochepushwa katikati ya tabaini, ile mashine ya mapanga inayozungushwa na mvuke ili kutoa umeme. Mvuke huo ulikuwa bado na nguvu ya kuzungusha! Vioo vikiyapasha maji, mvuke unabaki ndani, unashuka mpaka mwisho. Makaa yale yale, umeme unazidi. Au umeme ule ule, makaa yanapungua. Kwa kazi hiyo nyuzi 270 zinatosha na chenji inabaki.

Na hununui tabaini nyingine, wala kondensa, wala laini ya kwenda gridini. Unalipia vioo na mabomba. Wingu likifunika, unafungua valvu, mvuke unachepushwa kama zamani.

Bi Zuhura
Tamu hivyo, mbona haikuenea?

Fundi Boila
Dada, tazama ukubwa. Liddell ilikuwa ya megawati 2,000. Vioo vilitoa kama 9, tena za joto, si za umeme. Kogan Creek, kule Queensland, walitaka makubwa: megawati 44 kwenye mtambo wa 750. Wakaanza kujenga 2011, 2016 mradi ukafutwa kabla haujakamilika. Cameo, Colorado kule Marekani, walijaribu 2010 kwenye mtambo mzee, ukafungwa mwaka huo huo. Liddell yenyewe imezimwa 2023. Nani atafunga vioo vipya kwenye mtambo unaosubiri kustaafu? Halafu paneli za kawaida za umeme wa jua zikashuka bei, na hizo hazihitaji boila ya mtu. Kwa kanuni jambo hili ni safi kabisa, ila limekuja limechelewa.

Kijana wa Mbinga
Nimekupata, mkuu. Na boila zenu je, hamuweki?

Fundi Boila
Sisi tunachoma makapi ya miwa, yamejaa mlima mzima nyuma ya kiwanda. Nikimpelekea meneja bei ya vioo ataniuliza namwokolea nini.