Kwa nini huku kaskazini mifupa ya ng'ombe inatangulia mbegu za mtama?

Mwalimu_Tengeru
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari hapa Arusha. Wanafunzi wanamjua Zinjanthropus wa Oldupai aliyegunduliwa mwaka 1959, wanazijua nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.66. Baada ya hapo mada inaruka moja kwa moja hadi mashamba na vijiji. Ni lini watu wa huku walitoka kwenye kuwinda na kuchimba mizizi? Na mtaalamu akishika punje iliyoungua, anajuaje kama ililimwa au ilijiotea? Nataka wanafunzi wafanye kwa mikono yao.

Safu_ya_Udongo
Mwalimu, kwanza iondoe ile ngazi ya kuwinda, kulima, kisha kufuga. Kwetu mifugo ndiyo iliyotangulia. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walifika kandokando ya Ziwa Turkana miaka ipatayo 5,000 iliyopita, lakini ufugaji ulishika mizizi kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania miaka kama 3,000 tu iliyopita. Maelezo yanayoniridhisha kuhusu ukawiaji huo ni magonjwa: mbung'o wanaoleta nagana (malale ya mifugo), kupe wa ndigana kali, na ule ugonjwa ambao ng'ombe huupata kutoka kwa ndama wa nyumbu. Hadi leo Wamaasai huhamisha ng'ombe msimu wa nyumbu kuzaa. Mfugaji mgeni aliyeteremka tambarare bila ujuzi huo angeweza kumaliza kundi zima.

Mfano wa karibu na Arusha ni Luxmanda, upande wa Mbulu, makazi ya wafugaji ya miaka kama 3,000 iliyopita. Kuna mifupa ya mifugo, vigae vya vyungu, na mawe ya kusagia kwa wingi. Hapo ndipo watu huteleza: wakiona jiwe la kusagia wanatangaza kilimo. Jiwe hilo husaga mbegu za porini vilevile, na udongo mwekundu wa rangi pia. Vinasaba vya mtu aliyezikwa hapo vilionyesha kwamba asilimia 38 hivi ya nasaba yake inahusiana na wakulima wa kale wa Levant (pwani ya mashariki ya Bahari ya Mediterania), na iliyobaki iko karibu na wawindaji wa kale wa Ethiopia. Kwa hiyo wenyeji na wageni waliozana.

Mazao yalifuata baadaye. Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Magharibi mwa Kenya, kunde zilizochimbuliwa Kakapel, makazi ya kale chini ya mwamba, zina miaka kama 2,300. Na tafadhali usiwaambie watoto kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi "walibaki nyuma". Asali, ubuyu na mizizi ya porini viliwatosha, na nchi yao ni kavu kwa jembe.

Mbegu_Moshi
Naongeza kuhusu punje. Mtama pori hupukutika wenyewe ukikomaa, kwa hiyo kitako cha ganda lake huacha kovu laini. Mtama wa shambani haupukutiki mpaka upurwe, na kovu lake ni la kuchanika, lina kingo zisizo sawa. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kuliona. Ila punje moja haithibitishi kitu. Unahesabu makovu mengi na kuangalia uwiano, maana badiliko hilo huchukua vizazi na vizazi vya kupanda na kuvuna.

Darasani fanya hivi. Jaza mtama wenye maganda kwenye kopo la bati, funika vizuri, lifukie kwenye majivu ya moto, mbali na mwali. Hewa ikiingia punje zinageuka majivu. Moto ukiwa mkali zinapasuka kama bisi. Zikishakuwa nyeusi na kupoa, zichanganye na lita 5 za udongo mkavu. Mimina kidogokidogo kwenye ndoo ya maji, koroga taratibu kwa mkono. Vilivyoungua vinaelea, vimimine juu ya kitambaa chepesi, kisha anika kivulini, kwani jua kali huvipasua. Udongo ukiwa mbichi, mabonge ya mfinyanzi yanazama na mbegu zako ndani.

Mwalimu_Tengeru
Nashukuru sana. Na migomba ya Kilimanjaro je? Ndizi haina punje ya kuungua.

Mbegu_Moshi
Ndiyo maana historia yake ni ngumu kuifuatilia. Kinachotafutwa ni chembe ndogo za madini ya silika zinazobaki majani yakioza; za mgomba zina umbo la kilima chenye shimo juu, na zinahitaji darubini ya maabara.

Safu_ya_Udongo
Ukitaka kuwapeleka mahali, nendeni Engaruka. Mifereji ya umwagiliaji na matuta ya mawe ya karne ya 15 hadi 18 bado yanaonekana, maji yakitoka kwenye mito ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ombeni ruhusa mapema, msiokote kigae hata kimoja. Kigae kikiondolewa mahali pake hakuna tena wa kusema kilikuwa safu ipi ya udongo, na kuchimba bila leseni ni kosa kisheria.