Tongosimba wawili wa Unguja: mgongo wa kahawia au mgongo mwekundu?

Mkulima_Cheju
Assalaam alaykum. Tangu mpunga uanze kutunga maziwa tunashinda bondeni tukiamia, yaani tukifukuza ndege. Wapo ndege wadogo sana, kichwa cheusi, tumbo jeupe, wanaparamia suke mpaka linainama. Mie nikiwa juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba, nawaona wote mamoja, lakini kijana wangu anashikilia kuwa ni aina mbili. Nani anawajua? Msinitajie kichwa, kichwa wote cheusi.

fuoni_mtazama_ndege
Waalaykum salaam. Kijana yuko sawa, mpe soda yake. Hao ni tongosimba, na Unguja tunao wa aina mbili: wa kawaida mwenye mgongo wa kahawia, Spermestes cucullata, na yule wa mgongo mwekundu, Spermestes nigriceps, ambaye vitabu vingi humhesabu ndani ya spishi nyengine, Spermestes bicolor. Wote hawazidi sentimita 10 hivi, kwa hiyo ukubwa hausaidii.

Anza na mgongo. Wa kwanza mgongo wake ni kahawia iliyofifia, inaelekea kijivu. Wa pili ni mwekundu wa udongo, na akipigwa na jua huna haja ya darubini. Halafu tazama bawa lililokunjwa: mgongo mwekundu ana manyoya meusi ya kurukia yenye vidoto vyeupe ukingoni. Mwenzake hana vidoto hivyo, ila begani ana baka la kijani linalometa, na jua likijificha huonekana jeusi tu.

Kizimkazi_77
Yakhe, mdomo ndio rahisi kuliko yote. Wa kawaida ana rangi mbili, juu mweusi, chini wa kijivu-samawati. Mgongo mwekundu mdomo wote ni wa kijivu-samawati. Hapana haja ya kuhangaika na mabawa.

fuoni_mtazama_ndege
Ni kweli, lakini ujaribu saa kumi na mbili jioni, ndege kaelekea jua na mdomo umejaa punje! Mie mdomo naufanya shahidi wa pili. Ubavu unanipa uhakika zaidi: wa kawaida ana michirizi ya kahawia na nyeupe, inaendelea mpaka kiunoni juu ya mkia. Mgongo mwekundu ubavu wake ni mweusi wenye alama nyeupe mfano wa magamba, na weusi wa kifua unakatika ghafla pale tumbo linapoanza.

Bint_Mwera
Mimi nawajua kwa mahali. Wa kawaida yuko kila pahala: uani, kwenye ukoka, hata mjini. Mgongo mwekundu nampata ukingo wa msitu na vichakani penye unyevu.

Mkulima_Cheju
Dada, kwangu msitu hauko mbali na mpunga uko hapohapo. Sasa hapo nifanyeje?

Bint_Mwera
Basi hapo mahali hapakusaidii, maana wakipata mbegu huchanganyika kundi moja. Sikiliza sauti. Wa kawaida analia kwa mkwaruzo, mfululizo, kama wanagombana. Mwenzake ana mluzi mwembamba, safi zaidi.

Mpemba_wa_Wete
Sisi huku tuna shomoro wa Java, naye huyo hafanani na mwengine yeyote: mdomo mnene mwekundu, shavu jeupe, mwili wa kijivu, na mkubwa kuliko tongosimba. Aliletwa na watu. Ajabu ni kuwa kwao Indonesia yuko hatarini kwa kukamatwa kwenda tunduni, na huku anajipatia nafaka kwa raha zake.

Kizimkazi_77
Na makinda? Juzi nimeona kundi zima la kahawia tupu, hakuna hata kichwa cheusi.

fuoni_mtazama_ndege
Hapo ndipo pagumu. Makinda wa aina zote mbili ni wa kahawia isiyo na alama. Wa mgongo mwekundu huwa na wekundu kidogo mgongoni, lakini kwa umbali wa dungu sithubutu kuapa. Ngoja mzazi aje kuwalisha, au uwatazame magharibi wakirudi kwenye kiota: donge la majani lenye tundu ubavuni, ambalo hulalia kundi zima hata msimu wa kutaga ukishapita. Wakubwa watakuonesha ni ukoo gani.

Mkulima_Cheju
Ahsanteni. Na nani anakula mpunga zaidi?

Bint_Mwera
Wote wezi, kaka. Ila na mbegu za majani wanazila sana, kwa hiyo usiwabebeshe hasara yote peke yao.

fuoni_mtazama_ndege
Ukipata simu yenye kamera nzuri, piga wa pembeni, jua likiwa nyuma yako, mgongo na ubavu vionekane pamoja. Picha ya kifua peke yake hata mie nitakurudishia.