Kambi za kutwa za watoto likizo ya mwezi wa sita, Mwanza: ipi ina unafuu?

MamaWawili_Kiseke
Habari wakuu. Likizo ndo hiyo inakuja, mimi na baba yao tunatoka asubuhi tunarudi jioni, dada wa kazi kaenda kwao Kibondo na dalili za kurudi sizioni. Nina wawili, miaka 9 na 6. Naona siku hizi matangazo ya kambi za kutwa yamekuwa mengi, zile za kupeleka asubuhi kuchukua jioni, zamani ukisema kambi hapa Mwanza mtu anajua makambi ya Wasabato au kambi ya darasa la saba basi. Nimebaki na tatu. Kuna shule moja Nyakato, nusu masomo nusu michezo, laki na ishirini wiki tatu na chakula humo humo. Kuna hotelini ufukweni huku Ilemela, kuogelea, kuchora na siku moja kisiwani Saanane, laki mbili wiki mbili, kwa kila mtoto jamani. Halafu kanisa la jirani, wiki moja, buku tano tu. Aliyepeleka mtoto sehemu kama hizi aniambie ukweli, tangazo nimeshalisoma.

Mama_Igoma
Shost njoo nikwambie. Mwaka jana nilimpeleka wangu kambi ya shule, jina naliacha, na sio lazima iwe hiyo yako. Tangazo lilisema sanaa, kompyuta, mpira, bustani, na wiki ya kwanza kweli vilikuwepo. Wiki ya pili walimu wakaanza kupukutika mmoja mmoja, nao si binadamu wako likizo, wakabaki wawili na watoto kama hamsini, ikawa ni katuni ukumbini kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Nilijuaje? Kila jioni kwenye grupu la wasapu zinarushwa picha watoto wanacheka, sisi wazazi tunajaza vikopa, kumbe ukiangalia vizuri ni watoto wale wale watatu na nguo zile zile, yaani picha za siku moja zimegawiwa wiki nzima 😂 Wangu hayumo hata moja. Kumuuliza ananiambia mama ile ya samaki nimeiona mara sita.

Kwaiyo sasa hivi mimi siulizi mna shughuli gani. Nauliza wiki ya mwisho mtabaki walimu wangapi, halafu siku moja naibuka saa nane mchana bila taarifa, coz asubuhi kila kambi inapendeza. Na uliza tisheti! Elfu kumi na tano nje ya ada, nauli ya kwenda Bujora, makumbusho ya Wasukuma, nayo nje ya ada. Ila nisiwe mchoyo, siku ya Bujora ilimkaa, alivyoona Wasukuma wanacheza na nyoka mpaka leo anacheza na mkanda wa baba yake.

NesiWaZamu
Hiyo ya hotelini, wanaogelea bwawani au ziwani? Usikubali jibu la "ufukweni". Kichocho kipo, konokono wake wanapenda maji ya pembeni yenye majani, hapo hapo watoto wanapochezea, na mdudu anapenya ngozi mtoto hata hahisi. Watu wanasubiri mkojo wenye damu, kumbe huku ziwani kinachosumbua zaidi ni kile cha utumbo, mtoto analalamika tumbo tu. Na msimpe dawa jioni ile ile aliyoogelea mkadhani mmemaliza, praziquantel haiui vizuri minyoo michanga, inabidi wiki kadhaa zipite.

Mzee_wa_Misungwi
Laki nne kumlipa mtu acheze na wanao? Wapelekeni kwa bibi wakachunge mbuzi.

MamaWawili_Kiseke
Shikamoo mzee wangu. Bibi yao yuko Mbagala ana duka, mbuzi anamuona buchani.

Kochi_Kirumba
Dada hiyo ya kanisa usiidharau. Nimejitolea mbili tatu, vijana wa kwaya wanakuwa wengi mpaka mtoto hana pa kujificha, ila huyo wa miaka 9 siku ya tatu atakuwa ameshachoka nyimbo za vitendo. Kitu cha kuuliza kote ni nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Sisi tulikuwa na daftari, jina na namba ya simu, sura ngeni hatoki na mtoto hata aje na pipi. Saanane je, boti toka Capri Point ni dakika chache tu, ila jaketi ziwe za saizi ya watoto, jaketi la mtu mzima mtoto wa miaka 6 anachomoka nalo.

MamaWawili_Kiseke
Nimerudi. Leo nimeenda hotelini saa nane kama alivyosema Mama Igoma. Bwawa lipo kweli na ziwani hawashuki, ila anayeangalia maji ni mmoja na simu yake mkononi. Nikauliza jaketi za watoto wa Saanane, wakatazamana. Kwa laki nne hapana. Wiki ya kwanza wote kanisani, baada ya hapo mkubwa aende Nyakato na mdogo nabaki naye dukani kwa shangazi yake. Sasa jamani, kuna mtu ana bajaji ya kuaminika ya kumtoa mtoto Kiseke saa moja asubuhi?