Nagona isiwe ya kwanza

*Kikundi: Wasomaji wa Mtaa*

Neema: Shikamooni wakubwa zangu. Tunaanza kusoma pamoja mwezi ujao na wengi humu hawajashika riwaya tangu watoke shule. Napendekeza Nagona ya Kezilahabi. Ni nyembamba, tutaimaliza upesi.

Mwalimu Kombo: Marahaba mwanangu. Nagona tuiache kwanza, wembamba wake unadanganya. Hakuna kisa kinachokushika mkono toka mwanzo hadi mwisho. Msimulizi yumo safarini anatafuta ukweli, na mambo hayafuatani kama tulivyozoea. Asiyemzoea Kezilahabi hukwama kurasa za mwanzo, kisha anatangaza kwamba riwaya za Kiswahili ni ngumu.

Mama Hafsa: Kweli kabisa. Mlango wa Kezilahabi ni Rosa Mistika, 1971. Sentensi fupi, Ukerewe unaiona, na yule baba, Zakaria, mlevi anayemlinda binti kwa ukali bila kumwandaa kwa dunia inayomngoja nje. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Baada yake Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), ndipo Nagona na Mzingile. Ukifuata hivyo utayaona maswali ya Kazimoto wa Kichwamaji kuhusu maana ya kuishi yakizidi kukua, mpaka riwaya ya kawaida haiwezi tena kuyabeba. Ukiruka, unabaki na mafumbo matupu.

Denis: Kwa hiyo kikundi kianze na Rosa?

Mwalimu Kombo: Kwa kikundi ningechagua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, 1999. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa. Anatoroka, anapata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, mjini Unguja, halafu anaingia Denge na siasa za kupinga ukoloni. Kila sura inakuacha na hamu ya inayofuata. Hicho ndicho kikundi kipya kinachohitaji.

Mama Hafsa: Ila ni nene, Mwalimu. Watu wataogopa.

Mwalimu Kombo: Kurasa 36 kwa wiki, sawa na sita kwa siku na siku moja ya kupumzika. Kinachowaangusha wasomaji wa bara si unene, ni kusimama kila wanapokutana na msamiati wa Unguja. Msisimame! Pigeni mstari kwa penseli, malizeni sura, kisha fungueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Maneno mengi yatakuwa yameshajieleza. Mazungumzo yasomeni kwa sauti, maana Shafi anaandika kwa sikio.

Denis: Nami nimeiona filamu yake ya 2021. Inatosha?

Mama Hafsa: Hapana mdogo wangu. Filamu ni kazi ya Amil Shivji, nzuri kwa njia yake, lakini imechagua baadhi tu ya mambo. Soma kwanza.

Denis: Sawa dada. Na sisi tunaopenda upelelezi?

Mwalimu Kombo: Mohammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Bwana Msa mpelelezi na kiko chake, Najum msaidizi wake pembeni. Andika kila mhusika na uhusiano wake na wengine tangu sura ya kwanza, kwa sababu fundo hujificha kwenye nasaba na urithi. Usipoandika, ufumbuzi utakupita.

Neema: Na baada ya Vuta N'kuvute?

Mama Hafsa: Utengano, ya Said Ahmed Mohamed, 1980! Maimuna anafungiwa ndani na Bwana Maksuudi, baba anayeheshimiwa nje na kuogopwa nyumbani.

Mwalimu Kombo: Hapo tunatofautiana. Utengano na Vuta N'kuvute zote mbili zina binti aliyebanwa kwao. Zikifuatana, mjadala utajirudia. Wekeni katikati Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, 1976. Nayo ina binti aliyeonewa kwao, lakini swali lake kubwa ni ardhi: nani mwenye haki nayo, mrithi au anayeilima? Wanaume wa kikundi watabishana usiku kucha.

Mama Hafsa: Nimekubali. Nyota ya Rehema, kisha Utengano.

Neema: Basi Jumamosi naenda kununua nakala za wote.

Mwalimu Kombo: Kabla hujalipa, fungua kila nakala uhesabu kurasa zinavyofuatana, hasa za mitumba na za kudurufu. Hukosa kurasa kadhaa katikati na muuzaji hajui. Matoleo nayo hutofautiana namba za kurasa, kwa hiyo humu tutaje sura na maneno ya mwanzo ya aya, tusitaje ukurasa.

Mama Hafsa: Na atakayemaliza mapema asiandike mwisho humu. Anayetaka kuujadili anitumie mimi pembeni.

Neema: Nimeelewa. Denis, wewe unachukua ya mtumba au nikununulie mpya?

Denis: Mpya, dada. Nakutumia hela jioni.